Mafuta ya Upako Kwenye Bawa la Ndege

Wale waliotazama ile video kwenye simu za watoto wao wanadhani wanaijua aibu yangu. Waliona mwanamke mzima wa miaka sabini na mbili amekwama ndani ya ndege isiyo na mabawa, ndege yenyewe iko ndani ya mtaro, kitambaa cha kichwa kimemfunika jicho moja, wakacheka mpaka wakashika mbavu, na siwalaumu, kwa sababu angekuwa mtu mwingine ningecheka mimi pia na kumtumia dada yangu kule Nyeri. Lakini hicho ni kichekesho tu. Aibu yenyewe haikunaswa na simu ya mtu, na ndiyo nataka kuieleza hapa, maana nimechoka kuchekwa na watu wasiojua walichotakiwa kunichekea.

Nianze na ndege. Mjukuu wangu Nyambura, binti wa kwanza wa mwanangu Kamau, anajenga ndege ndani ya gereji yangu hapa Ruiru. Si ya kuchezea. Ni ndege ya kukaliwa na watu wawili, mmoja mbele na mwingine nyuma, na injini yake aliitoa kwenye gari kuukuu akaifungua yote mezani kama mtu anayechambua maharagwe, akaiunga tena, ikanguruma. Kazi ya mshahara anaifanya Thika, Eneo la Viwanda, kwenye kiwanda cha juisi, yeye ndiye huitwa mashine zikigoma, na siku zake za mapumziko zote zinaishia kwenye gereji. Hiyo gereji marehemu mzee wangu aliijengea pikapu yake, pikapu ikaenda, kuku wakaingia, halafu miaka mitano iliyopita Nyambura akaniomba niwatoe kuku. Nikawatoa (wakahamia kwenye kibanda cha jiko la kuni, na tangu hapo wananitagia wakipenda).

Sasa, kwetu Wakikuyu binti wa kwanza wa mwanao huchukua jina lako. Kwa hivyo Nyambura ni mimi. Namwita wakini, kwa sababu jina letu ni moja, naye huniita Cucu, yaani nyanya. Mimi niliishia darasa la tatu, najua kuandika jina na kusoma Biblia polepole nikiwa na miwani, na nilipomwona huyo msichana ameinamia michoro yake na rula nilikuwa nikijiambia kimoyomoyo kwamba ndiye mimi niliyebaki shuleni. Hilo wazo lilikuwa tamu sana na lilinipeleka pabaya.

Mabawa ya hiyo ndege ni ya mbao nyembamba, vipande vingi kama mbavu, kisha yanavishwa kitambaa, na kitambaa kinakazwa kwa pasi mpaka ukikigonga kinalia kama ngoma. Baadaye ndipo kinapakwa rangi ya kukiziba. Wiki hiyo mabawa yote mawili yalikuwa yamevishwa, meupe kabisa, yamelazwa juu ya vigogo kando ya ukuta, na mwili wa ndege ulikuwa katikati umesimama kwa magurudumu yake, matofali mawili yameuzuia. Mkaguzi wa ndege alikuwa aje Ijumaa kutoka Nairobi kukiangalia hicho kitambaa kabla ya rangi. Akitia sahihi, Nyambura anapaka rangi ndani ya likizo yake ya wiki mbili, likizo aliyoingoja mwaka mzima. Asipotia, likizo inapita hivyo hivyo, na huyo mkaguzi si mtu unayemwita kama fundi wa bomba.

Alhamisi asubuhi Nyambura alikuwa anakwenda Thika kuchukua rangi, akanikuta jikoni nikiponda mukimo wa viazi na mahindi.

"Cucu, najua leo una wageni. Gereji usifungue."

"Kwani mimi ni mtoto?"

"Wewe si mtoto, ndiyo maana nakuachia ufunguo, moto ukishika nikiwa mbali ufungue. Lakini mtu asiguse kile kitambaa. Hata jasho la mkono linakiharibu."

Nikamwambia aende, rangi itaisha dukani.

Wageni walikuwa akina mama wa kanisa letu. Kila Alhamisi mchana tunakutana kwa nyumba ya mmoja wetu, tunasoma neno, tunakula, tunaombeana, na zamu ilikuwa yangu. Walikuja kumi na tisa, na mchungaji wetu mpya, Pasta Gitau, kijana mpole ambaye bado anamwita kila mtu mama kwa woga, akaja kufunga kwa maombi. Walikula, wakasifu kuku, wakaomba chai ya pili. Mambo yalikuwa mazuri mpaka hapo kwenye chai ya pili.

Mama Muthoni ndiye jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, tumejuana tangu watoto wetu wakiwa mgongoni. Binti yake Muthoni alikwenda Canada na tangu aende hatujapumzika.

"Ndege tatu," Mama Muthoni akawa anawaambia wenzake, amenyoosha vidole vitatu na mandazi kwenye mkono mwingine. "Alibadilisha ndege tatu ndio afike. Ya katikati ina ngazi ndani, kama nyumba ya ghorofa."

"Wako anapanda," nikasema. "Wangu anajenga."

"Ile kitu ya gereji? Bado iko? Mimi nilidhani aliacha, Mama Kamau. Watu wanasema ni mbao na gundi tu."

"Watu gani?"

"Watu."

Akina mama wawili watatu wakaangalia vikombe vyao, na nikajua kwamba wamesema, tena wamesema sana. Nikainuka. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa sweta. Nilifikiri nitafungua tu wasimame pale nje waone, kama vile unavyomwonyesha mtu ndama aliyezaliwa jana, dakika mbili, kisha nafunga. Mpaka leo naamini ningeishia hapo, mambo yangekuwa salama.

Basi nikafungua milango yote miwili. Niwaambie ukweli, walinyamaza. Akina mama kumi na tisa wa kanisa letu kunyamaza pamoja sijawahi kuona, hata kwenye mazishi. Jua liliingia likapiga yale mabawa meupe, na ule mwili wa ndege na pua yake na kiti chake, na Mama Muthoni akabaki na mandazi hewani. Nikasikia nimekuwa mrefu.

"Hii haiwezi kukaa bila kuombewa," Pasta Gitau akasema kwa sauti ndogo. "Magari tunaombea. Kinu cha kusaga mahindi tuliombea. Hata mashine ya kinyozi wa steji ya matatu tuliombea. Mwenyewe yuko wapi? Mwenye kitu ndiye hukaa kwenye usukani tukiomba."

"Yuko Thika."

"Basi tungoje siku nyingine akiwepo."

Mnaona? Pasta alisema tungoje. Hakuna aliyenisukuma. Lakini Mama Muthoni alikuwa ameshaanza kugeuka kurudi kwenye viti, na mimi nilitaka aendelee kutazama.

"Nyambura ni mimi," nikasema. "Jina ni moja. Leteni stuli."

Wakaleta. Kile kiti cha ndege kilipimwa kiuno cha Nyambura, ambaye kiuno chake ni kama cha nyigu, na mimi siku hiyo nilikuwa na sketi mbili na shimizi kwa sababu ya baridi ya asubuhi. Niliingia kama unga unavyoingia kwenye debe, kwa kushindiliwa. Mmoja alinishikilia mguu, mwingine akasukuma bega, na nilipofika chini nilijua kabisa kwamba huku kutoka ni kazi ya siku nyingine, lakini nikatabasamu, nikashika ile fimbo ya kuongozea ndege iliyo katikati ya magoti.

Pasta akatoa chupa ndogo ya mafuta ya upako kwenye koti. Akamwagia kila mama kidogo kiganjani. Hawangeweza kuenea wote kwenye mwili wa ndege, kwa hivyo akawaambia wengine wazunguke mabawa. Hapo Mama Muthoni, akiwa amesimama karibu na bawa, mikono yake imelowa ameiinua juu kama daktari, akaniuliza, tena kwa adabu:

"Mama Kamau, hii kitambaa inaguswa?"

Nilikuwa nimeketi juu, watu wote wananitazama, na maneno ya Nyambura ya asubuhi yalinijia, sitawadanganya kwamba niliyasahau. Nikasema:

"Guseni tu. Ni maombi."

Wakagusa. Wakasukumia viganja vyao kwa imani. Na nyinyi mnajua tunavyoomba, hatuombi mmoja mmoja, tunaomba wote kwa sauti zote, halafu wimbo ukaingia, halafu makofi, halafu miguu. Waliokuwa wameshika mwili wa ndege walikuwa wanauyumbisha kwa ule wimbo, mbele nyuma, mbele nyuma, tofali moja likachomoka, na la pili likalifuata.

Gereji yangu iko juu, geti liko chini. Ndege ilianza kwa upole, nikadhani ni sehemu ya ibada. Akina mama nao walidhani hivyo, wakanisindikiza wakiimba. Tulipopita karai la kufulia ndipo wimbo ulianza kukatika, maana ilibidi wakimbie, na geti lilikuwa wazi kwa ajili ya wageni. Niliivuta ile fimbo kwa mikono miwili kama mtu anayezuia punda. Ndege haikuwa na bawa hata moja, sijui nilitaka ipande wapi. Tukatoka nje, tukavuka barabara ya murram, na tukaingia kwenye mtaro upande wa pili, mimi na ndege ya mjukuu wangu, pua chini, mkia juu.

Vijana wa bodaboda walikuwa pale pale kwenye kona yao.

"Shosho, umetua salama?"

"Mwacheni, bado anangoja abiria washuke."

"Shosho, breki ya hiyo kitu iko wapi? Ama uliacha nyumbani?"

Simu zikatoka. Hiyo ndiyo video mliyoiona. Nilijaribu kuinuka, kiti kikainuka na mimi kidogo kisha kikanirudisha. Nikiwa katika hali hiyo, gari dogo jeupe likasimama, na nikamwona Nyambura akishuka upande wa abiria, amekumbatia kopo la rangi. Yule mkaguzi alikuwa amemaliza kazi nyingine Thika mapema, akampigia simu, wakaamua aje leo badala ya kesho.

Mkaguzi alikuwa mtu mzima, amevaa koti na kalamu mbili mfukoni. Akasimama ukingoni mwa mtaro akaniangalia kwa muda.

"Huyu ni mmoja wa wajenzi?"

"Huyo ni cucu yangu," Nyambura akasema.

Nyambura hakungoja swali jingine. Aliweka kopo chini, akaingia mtaroni na viatu vyake vya kazini, akanishika magoti, akanishika viwiko. "Umeumia? Niambie ukweli, umeumia wapi?" Nikamwambia sijaumia. Sketi ilikuwa imenasa kwenye ile fimbo, akaikata kwa kisu chake, na akina mama wanne wakanivuta kwapani mpaka nikatoka na shimizi, mbele ya kijiwe kizima cha bodaboda. Mkaguzi alikuwa amegeuka kutazama upande mwingine. Mtu mwenye heshima.

Kisha akaichunguza ndege. "Mguu wa gurudumu la mbele umepinda," akasema. "Chuma kinanyooshwa. Twende tuone mabawa."

Nilitaka kumwambia mabawa yako sawa, anywe chai kwanza. Tukapanda wote kurudi, mimi nimejifunga leso ya mtu, tukaingia gereji, na jua bado lilikuwa linapiga pale pale. Viganja vilionekana vyote. Kila mama aliyezunguka mabawa alikuwa ameacha chake, na vidole vyake vitano, vimekolea kwenye kitambaa cheupe kama doa la mafuta kwenye karatasi ya chapati, na katikati ya kila bawa kulikuwa na msalaba ambao Pasta alikuwa ameuchora kwa kidole gumba.

Mkaguzi akagusa kidogo kwa kidole, akanusa.

"Haya ni mafuta gani?"

"Ya zeituni," Pasta Gitau akajibu. "Ya upako. Tulikuwa tunaiombea."

Mkaguzi akavua miwani, akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Mchungaji, mimi pia ni mtu wa kanisa. Lakini rangi haishiki juu ya mafuta. Utaona kama imeshika, halafu iko juu hewani inabanduka, na kitambaa kinaifuata. Hapa siwezi kutia sahihi."

"Bawa hili?" Nyambura akauliza.

"Yote mawili, binti yangu. Vua kitambaa chote, safisha mbao, anza tena."

Nyambura alikuwa amesimama kati ya mabawa yake. Alinyoosha mkono kama anayetaka kupima kiganja kimoja kwa chake, akaurudisha. Kisha akatugeukia.

"Nani aliwaambia mguse?"

Hakupaza sauti. Angepaza labda ningejibu. Watu ishirini ndani ya gereji, na kila mmoja alisikia nikisema guseni tu, na hakuna aliyenitazama, kwa sababu walikuwa wamekula kwangu. Pasta alikuwa ameinamisha kichwa, maskini, anafikiri ni kosa lake. Mimi nilitazama viatu vyangu. Niliona kiatu kimoja kina tope na kingine hakina, nikakitazama hicho chenye tope kana kwamba kina maandishi.

"Ni mimi, mama," Mama Muthoni akasema. "Mimi ndiye nilisema tuguse. Cucu yako alikataa."

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Kisha nikaufunga.

"Asante kwa kusema ukweli," Nyambura akamwambia.

Hiyo ndiyo aibu yangu. Akina mama waliondoka bila kuosha vikombe, jambo ambalo halijawahi kutokea Alhamisi yoyote, na mimi nikabaki navyo kwenye beseni.

Nyambura alianza kuvua kitambaa Jumamosi. Kinatoa sauti kikichanika kwenye gundi, na nyumba yangu si kubwa, hakuna chumba ambamo hukuisikia. Likizo yake yote ilienda hivyo, kuchana na kukwangua. Jumapili kanisani alimpita Mama Muthoni kama anavyopita nguzo ya stima, na yule mama akavuta mkono aliokuwa ameshaunyoosha. Mtaani nako wakaanza kusema ni wivu, kwamba mama wa watu alijua anachofanya, kwamba Canada imemharibu kichwa. Nilisikia hayo dukani nikinunua chumvi. Nilichukua chumvi yangu nikaenda nyumbani.

Siku ya tisa nikashindwa kuvumilia, nikaenda kwa Mama Muthoni. Alikuwa anapalilia sukuma wiki nyuma ya nyumba.

"Kwa nini ulisema vile?" nikamuuliza.

Hakuacha jembe. "Ungesema wewe?"

Nikainama nikaokota jani la sukuma wiki lililoanguka.

"Basi. Mtoto wangu yuko mbali, Mama Kamau. Hata akinikasirikia mimi simwoni. Wako mnakula meza moja kila siku, nikaona hutaweza." Akang'oa kwekwe, akaitupa. "Na mimi pia nilikuchokoza. Mandazi na ndege tatu."

Ilinichukua siku mbili zaidi. Siku ya kumi na moja, mchana, nilisimama kwenye mlango wa gereji. Nyambura alikuwa amebaki na mbavu tupu za mbao, anakwangua gundi kwa kipande cha wembe, vumbi limempaka nyusi.

"Wakini," nikasema, "mimi ndiye niliwaambia waguse. Mama Muthoni aliniuliza kwanza, na nikamwambia guseni tu. Na nilikumbuka ulichoniambia. Nilikumbuka."

"Najua."

"Umejua lini?"

"Siku hiyo hiyo. Mama Muthoni hawezi kugusa hata kijiko kwa nyumba ya mtu bila kuuliza. Na wewe ulinyamaza, Cucu. Wewe hunyamazi."

"Na mbona umemnyima salamu?"

Aliweka wembe chini. Hapo ndipo nilimwona machozi, na sikuyaona hata siku ya mafuta. "Nilidhani ukiniona nikimfanyia vile utasema siku hiyo hiyo. Nikangoja. Nimemkosea mama wa watu bure, nikikungoja wewe. Siku kumi na moja, Cucu."

Jioni hiyo alikwenda kwa Mama Muthoni kuomba msamaha, akarudi na fungu la sukuma wiki. Alhamisi iliyofuata, kwa nyumba ya mwingine, nilisimama kabla ya chai nikasema yote mbele ya wale wote kumi na tisa na Pasta, jinsi nilivyowaeleza hapa, na kile kiatu chenye tope pia. Hakuna aliyesema amina. Mama Muthoni akanivuta sketi akaniambia keti, watu wana njaa.

Likizo imeisha, Nyambura amerudi kiwandani, na mkaguzi amesema labda baada ya mvua ndefu. Mimi nimejiapiza, tena nimeapa nikiwa na akili zangu, kwamba nikikosa tena nitasema hapo hapo, wageni wakiwa bado wamekaa, chakula kikiwa bado mdomoni, kwa sababu mtaro ulinitoa kwa dakika kumi na ule ukimya ulinikalia siku kumi na moja. Kwenye gereji siingii. Jumamosi nampelekea uji mpaka mlangoni, nasimama, namuuliza kama naweza kuingia nione alipofika. Siku nyingine ananiambia, "Bado, Cucu." Ninaweka uji kwenye kizingiti, na ninarudi.